Kifungo cha Sita cha Koti la Kijivu

Nyumba ileile, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vitasa.
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Nakusalimu kwa jina lake Yeye aliyetuamsha leo, wewe huko na sisi huku, bila kuuliza nani alistahili kuamka. Hujambo? Shemeji hajambo? Na mapacha wangu, meno yameshaota yote au bado wanacheka na mapengo? Kiuno chako je? Mara ya mwisho ulisema kusimama kutwa mbele ya tanuri la mikate kunakikata vipande viwili. Usikidharau, mdogo wangu. Kipumzishe, hata kama ni kwa kuegemea ukuta dakika tano.

Sisi huku wazima. Mimi magoti yananinung'unikia nikipanda ngazi, lakini bado yananifikisha. Mama anakula vizuri, analala, anatembea mwenyewe kutoka kitandani hadi dirishani. Kichwa ndicho kilekile. Mimi ananiita fundi. "Fundi, umefika? Karibu, kaa." Kila asubuhi nakaribishwa kwangu kama mgeni. Mwanzo nililia. Siku hizi nasema ahsante nakaa, maana jamani, anakaribisha vizuri.

Sasa ni miezi saba tangu ile simu. Mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni, kwa hiyo nilimsikia akikuuliza, "Wewe ni binti wa nani?" na nikausikia ukimya wako. Halafu ukaniambia, "Dada, hanijui. Nije kumwona nani?" Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu, na tangu hapo hukupiga tena. Sikulaumu. Swali lako nimekaa nalo kama mtu anayekaa na mgonjwa. Barua hii ndiyo jibu, ila limekuja kwa njia ya kuzunguka, limepitia kwenye televisheni. Kwa hiyo weka maji ya chai jikoni, uketi.

Unaikumbuka hadithi ya Baba? Ile ya mzee tajiri aliyekutwa amekufa kitini, kwenye chumba cha vitabu, mlango umefungwa kwa ndani. Baba akirudi kutoka posta, mikono imechoka kupanga barua za watu, anavua viatu, anakaa kwenye stuli karibu na cherehani ya Mama, anafungua kile kitabu chekundu kisicho na jalada la nyuma. Anasoma kimoyomoyo kwa lugha ya kitabu, midomo inacheza, halafu anatutolea kwa lugha yetu. Mama haachi kushona, ila mpelelezi akiingia tu chumbani, cherehani inapunguza mwendo. Wewe ulikuwa unaziba masikio kabla hata hajafa mtu.

Na mwisho wake? Mpelelezi anawaita wote chumbani: mpwa, katibu, mpishi, daktari wa familia. Anamimina chai. Anasema neno moja tu, "Nitasubiri." Basi, anasubiri. Na kabla chai haijapoa, daktari anasimama mwenyewe, machozi yanamtoka, anasema ni mimi. Baba akifika hapo naye alisimama, mkono kifuani. Nadhani mwisho ule nimeusikia mara mia, na mara zote mia nilimwonea huruma daktari.

Sasa sikia. Hadithi hiyohiyo imetengenezwa kuwa mchezo wa televisheni, sehemu sita, na aliyepinda suruali za mpelelezi ni huyu dada yako. Cheka kwanza, nakusubiri.

Ilikuwa hivi. Wale watu wa mchezo walikodi lile ghala la magunia nyuma ya kiwanda cha nguo, wakawa wanatafuta mtu anayejua kushona kwa mkono, maana kwenye nguo za zamani mshono wa mashine huonekana. Kaka yetu Dereva alikuwa anawabebea mbao. Akawaambia ana dada mpole, mwepesi wa sindano na mzito wa kila kitu kingine. Ndivyo alivyonitambulisha. Nikaitwa, nikapewa kiti, meza, pasi na kapu. Jirani yetu wa chini, muuza vitasa, mke wake akakubali kukaa na Mama mchana.

Chiriku, nikueleze vipi? Ndani ya ghala wamejenga nyumba. Ngazi, mazulia, mapazia hadi chini, saa ya ukutani. Dirishani kuna jua, na jua lenyewe ni taa kubwa iliyowekwa nyuma ya shuka jeupe, haliendi magharibi mpaka liambiwe. Mvua ipo, inatoka kwenye bomba lenye matundu, na inanyesha juu ya dirisha moja tu. Ukipita nyuma ya ukuta unakuta mbao tupu, misumari, na mtu amekaa juu ya ndoo anakula mkate. Unarudi mbele, ni nyumba ya tajiri tena.

Siku ya kwanza walinituma nipeleke kitambaa cha meza kwenye chumba cha vitabu. Hapakuwa na mtu. Nikasimama mlangoni nikashindwa kuendelea. Kiti kilikuwa palepale, kimegeukia dirisha. Taa ndogo ya kijani palepale. Zulia lenye kona iliyojikunja, palepale. Sikuwahi kukiona chumba kile maishani mwangu na nilikijua chote, kama unavyojua njia gizani kwenye nyumba uliyozaliwa. Nilihisi nimeingia ndani ya sauti ya Baba. Sijui nilisimama muda gani. Nilitamani kumwambia mtu na mtu mwenyewe ni wewe peke yako.

Tangu siku ile nilikuwa naenda kazini kama mtu anayerudi kulala aendeleze ndoto. Natunga sindano, nasikia mpelelezi akijaribu maneno yake upande wa pili wa mbao, na miguu yangu inakuwa mifupi tena haifiki sakafuni.

Nilikuwa nafanya kazi na binti mmoja anayewavisha waigizaji, tunamwita Pini kwa sababu anazungumza na pini mdomoni na hajawahi kumeza hata moja. Binti mchangamfu, ana heshima, analea wadogo zake. Siku ya pili akaniletea yale makaratasi ya mchezo wote.

"Mama, nikusomee? Kuna mambo ya nguo humu."

"Unisomee nini, mwanangu? Hadithi hii nimekua nayo. Nikupe na mwisho?"

"Usinipe! Bado sijafika!"

Tukacheka, akaondoka na makaratasi yake. Mungu anisamehe kiburi kile kidogo. Kilikuwa kidogo lakini kilitosha.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikalikuta kwenye kapu langu koti la kijivu, zito, zuri, la yule anayeigiza daktari. Lina vifungo vitano na pengo la cha sita. Uzi unaning'inia hapo kama mtu amekinyofoa. Na kifungo chenyewe kimo mfukoni. Wewe unatujua. Mama alitulea vipi? Nguo haitoki mlangoni ina pengo, hata kama nyumba inaungua. Mkono wangu haukai nikiona pengo. Nikashona. Nikavuka uzi mara nne, nikaufunga, nikauzungusha chini ya kifungo, shingoni pake, mara saba ili kifungo kisimame vizuri juu ya kitambaa kizito. Mara saba, uliweke akilini hilo. Nikalipiga koti pasi, nikalitundika, nikaomba Mungu ambariki atakayelivaa.

Siku hiyo ndipo walipopiga picha ya mwisho wa mchezo, wote wamekaa chumbani na chai yao. Dada mwenye daftari, ambaye kazi yake ni kuangalia kikombe cha jana kiko pale pale leo, alikuwa ameenda kung'oa jino. Aliyeshika daftari badala yake aliangalia vikombe tu. Hakuna aliyeona.

Baada ya siku nne, yule bwana anayeongoza mchezo, ambaye tunamwita Mluzi maana hawezi kufikiri bila kupiga mluzi, akakaa kwenye kile chumba kidogo cha kutazamia picha. Tukausikia mluzi wake ukikatika. Kisha mlango.

"Nani ameshona kifungo hiki?"

Kumbe, Chiriku, kifungo kile ndicho kilichokuwa hadithi nzima! Kwenye kitabu mpelelezi haketi kusubiri. Anamtambua daktari kwa koti lake lenye pengo, maana kifungo chenyewe kiliokotwa chini ya kiti cha marehemu. Na mimi nimempa muuaji koti safi, lina vifungo vyote sita, tena limepigwa pasi. Mpelelezi anaonekana anamnyooshea kidole mtu asiye na kosa lolote duniani. Kurudia hakuwezekani. Chumba cha vitabu kilishabomolewa, mbao zimeenda, na yule daktari amenyoa ndevu zake zote kwa ajili ya kazi nyingine. Watu wawili walikwenda kumwona, wakarudi wakisema kidevu ni kama yai.

Nguo ziko chini ya Pini, basi Pini ndiye aliyeitwa. Nilimsikia akisema hajui, kweli hajui. Akaambiwa akusanye vitu vyake. Alirudi kwenye meza ya pasi, akaanza kukunja aproni yake, na kwa mara ya kwanza mdomoni hamkuwa na pini hata moja. Alikuwa anakunja polepole sana, kona kwa kona, kama mtu anayetafuta kisingizio cha kutomaliza.

Na mimi? Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni damu yangu. Mimi niliondoka. Niliingia katikati ya makoti yaliyotundikwa, kama tulivyokuwa tunajificha kabatini, nikayaachia yanifunike. Niliwaza: wameshapata mtu. Niliwaza dawa za Mama, niliwaza vidole vyangu vya uzee vitaajiriwa na nani tena. Nikajaribu kusali, sala ikakataa kutoka. Kilichokuja ni sauti ya Baba: "Nitasubiri." Hivyo tu, kwa upole, kama alivyokuwa anasema na chai mkononi. Na katika giza lile la sufu na nondo nilielewa kwamba Mungu naye ameketi pale nje, na chai yake haijapoa bado.

Nikatoka.

"Ni mimi," nikasema. "Mwacheni mtoto. Kifungo nimeshona mimi."

Mluzi akanitazama. "Wewe, mama? Kwa nini?"

"Kilikuwa hakipo."

Nikaeleza yote: kwamba nilidhani naijua hadithi, kwamba kwa Baba yetu hakuna kifungo, muuaji anasimama mwenyewe. Nilipomaliza, subana, kile kikofia cha chuma cha kushonea, ikanidondoka kidoleni, ikabingirika, ikaenda kusimama kwenye kiatu cha yule mzee anayeigiza mpelelezi.

Mzee yule, hata kwenye foleni ya chai tunamwita Bwana Mpelelezi, akaiokota. Akaomba koti. Akavaa miwani yake mwenyewe, ile ya mchezo haina nguvu. Akalipeleka karibu na taa akapitisha kidole juu ya vifungo, kimoja kimoja, kama mtu anayesoma.

"Hivi vitano vimelala," akasema. "Hiki kimesimama. Njooni mwone shingo yake. Moja, mbili, tatu... saba. Hivi vingine vina mzunguko mmoja, vya kiwandani. Mwenye koti alipoteza kifungo akashonesha kingine mahali pake, haraka, kabla hatujaja. Kwa nini haraka?" Akamgeukia Mluzi. "Bwana, koti lenye pengo mtoto mdogo angeliona. Hili ni la mpelelezi."

Mluzi akaanza kupiga mluzi. Pini akashika mkono wangu kwa nguvu kiasi kwamba hadi leo nikiukunja nakumbuka.

Kesho yake wakaivalisha sanamu ya nguo koti lile, wakaleta kamera hadi kifuani pake, wakapiga picha kifungo changu peke yake, karibu saa nzima. Bwana Mpelelezi akasema maneno mapya mbele ya kipande cha ukuta kilichobaki. Pini akakunjua aproni yake. Mimi nikakaripiwa kidogo, kwa haki yangu, nikapewa kapu jingine, na kuanzia hapo kila nguo ilikuja na karatasi imebandikwa: "Mama Fundi, USIGUSE," au "Mama Fundi, gusa." Nimezihifadhi, nitakuonyesha.

Lakini moyo haukutulia. Kama mwisho wa kitabu ni kifungo, ule mwingine Baba aliutoa wapi? Jumamosi, Mama akiwa amelala kiti cha dirishani, jua limemfunika magotini kama blanketi, nikateremsha ule mkebe wake wa vielelezo, zile karatasi za kukatia nguo, mkubwa, wa biskuti. Nikakitoa na kile kitabu chekundu. Nilitaka kukipangusa tu. Nikakifungua nyuma, nikaona kwa macho ya mtu mzima kile ambacho sikuwahi kukiona: kurasa zimekatwa. Hazikuchanwa, zimekatwa kwa mkasi mzuri, kwa mkono usiotetemeka. Unaujua mkono huo.

Chini kabisa ya mkebe nikakuta kielelezo cha kola ya mtoto, vipande vinne, karatasi imekuwa ya manjano, ina maandishi madogo ya kitabu yanakwenda na mviringo wa shingo. Kola yako, Chiriku. Gauni lako la kwanza la shule, la bluu. Mama alikosa karatasi ya kukatia, akachukua iliyo karibu. Akaukata mwisho wa hadithi akakushonea kola. Na Baba, badala ya kugomba, au labda baada ya kugomba tukiwa tumelala, akaketi kwenye stuli yake akatutungia mwingine. Miaka yote ile akifungua ukurasa wa mwisho midomo inacheza, alikuwa anasoma kurasa zisizokuwepo. Wewe ulijua? Kama ulijua na hukuniambia tutagombana ukifika.

Nilikaa pale sakafuni na shingo yako mkononi, ndogo hivi, nikaona hata sikudanganywa. Ule mwisho wa Baba ndio ulionitoa kwenye makoti. Wa kitabu usingenitoa.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Sehemu ya sita ilionyeshwa Jumatano ya juma lililopita, saa kumi na mbili jioni. Dereva alituletea televisheni yake, akaisimamisha juu ya cherehani ya Mama. Mke wa muuza vitasa alikuja na kiti chake. Pini alikuja pia, amevaa vizuri kama anakwenda kuonekana yeye. Mama tulimweka katikati. Zile sehemu tano zilizotangulia alikuwa anazitazama kama mtu anavyotazama mvua, uso umetulia, haulizi chochote, mara analala. Wakati fulani alimwambia yule mpelelezi karibu, kaa.

Mchezo ukaenda. Chumba cha vitabu, taa ya kijani, kona ya zulia. Mwanga wa televisheni ulikuwa unapanda na kushuka juu ya mikono ya Mama. Mpelelezi akasogea, kioo kikajaa kifungo changu, kikubwa kama sahani, kila uzi unaonekana. Mimi aibu ikanishika nikatazama miguu yangu. Mpelelezi akaanza kuhesabu.

Mama akahesabu naye.

Kwa sauti, Chiriku. Ameinama mbele, kidole hewani. Moja, mbili, tatu. Na si kwa sauti yake ya sasa, ile iliyopotea njia. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye duka lake. Alipofika saba akapiga paja.

"Saba! Nilimwambia tatu zinatosha, anamaliza uzi. Mtoto huyu hasikii." Akanigeukia, macho makavu, makali, yamefika. "Fundi, huo si mkono wa Chiriku? Chiriku wangu amerudi? Mbona hamkuniambia?"

Dereva aliondoka chumbani. Mke wa muuza vitasa alijifuta uso kwa pindo la nguo yake.

Na mimi, niliyesimama mbele ya ghala zima nikasema ni mimi, pale sikusema. Sikumwambia Mama kwamba kile kifungo ni changu. Nitakuwa mwongo nikikuambia haikuniuma. Miaka mitatu namwosha, namlisha, namchana nywele, na jina lililobaki kwenye kile kichwa ni lako. Nilimeza. Lilipita kama kipande cha mkate kikavu, lakini lilipita.

Halafu, nikiwa naosha vikombe, nikaacha maji yanamwagika nikatazama mikono yangu. Saba! Mimi tangu lini nazungusha saba? Mimi nilikuwa wa tatu, mvivu, Mama akinisifu kwa kubana uzi. Saba zilikuwa zako, unazihesabu kwa sauti, ulimi nje. Nimefikiri wee, nikaona ni tangu ulipoondoka. Hakuna siku niliyoamua. Mkono ulikukosa ukaanza kufanya kama wewe. Kwa hiyo Mama hakukosea. Katika watu wote waliotazama mchezo ule, na yule mpelelezi mwenyewe, ni yeye tu aliyejua mkono ni wa nani.

Asubuhi yake nilidhani imeshapita. Nikaingia: "Fundi, umefika? Karibu." Sawa. Nikamletea chai. Nikaona ile sweta yake ya bluu imefunguka kifuani. Amekinyofoa kifungo cha tatu kwa vidole vyake. Amekiweka kwenye sahani ndogo, kwenye meza karibu na mlango, pembeni ameweka sindano, ameitunga uzi mwenyewe, sijui aliweza vipi kwa macho yale.

Nikachukua sindano nimshonee. Akanishika kifundo cha mkono. Si kwa ukali.

"Acha, fundi. Hicho ni cha Chiriku. Yuko njiani."

Leo ni siku ya kumi na moja. Jina lako halitaji kila siku, siwezi kukudanganya. Siku nyingine haulizi lolote, anatazama dirisha tu. Lakini sahani haturuhusu kuigusa, na kila anayepanda ngazi, hata mtu wa mita ya maji, anamwangalia mikono kwanza kabla ya uso.

Ukija huenda asiujue uso wako. Jiandae. Huenda akakuuliza tena wewe ni binti wa nani. Usijibu kwa mdomo. Chukua stuli ya Baba, kaa mbele yake, shika ile sweta, ushone, uhesabu kwa sauti kama zamani. Hilo tu. Mimi nitakuwa jikoni, nitafanya kama napika.

Uliniuliza uje kumwona nani. Njoo umwone anayekusubiri.

Mimi mkono wangu haukai nikiona pengo, unanijua, nimekaribia kuharibu mchezo wa watu kwa sababu hiyo. Hili nimeliacha. Kila siku namfunga vile vingine vyote, nafika cha tatu, naruka.

Kaka Dereva anakusalimu, anasema ukipata tarehe umwambie, atakuja kukupokea na gari likiwa limeoshwa. Mke wa muuza vitasa anakusalimu bila kukujua. Pini anakusalimu, anasema anataka kumwona mtu wa saba. Nisalimie Shemeji sana, mwambie namwomba anikopeshe mke wake. Mapacha wapige busu kwenye mapengo.

Mungu akulinde mbele ya moto ule unapofanyia kazi, akupe usingizi usiokatika, na akupe njia iliyonyooka hadi kwenye ngazi zetu. Ngazi zenyewe tutazipanda wote, mimi na magoti yangu.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja, nikupendaye jana, leo na ngazi zote zilizobaki,

Kobe.

Nimesahau: usilete uzi. Uliotungwa ni wa bluu ya sweta yenyewe, na ni mrefu. Nimeupima kwa macho. Unatosha saba.